Pumzi ya Tangi

Wiki tatu baada ya kumzika mdogo wake wa kiume, Fundi alikuwa hajalia bado, na jambo hilo lilikuwa limeanza kuwakera watu. Shangazi mmoja alimwambia wazi kwamba kushinda na vyuma kumemgeuza chuma. Jirani akamtetea: mwacheni, huyu kapigwa na butwaa, siku yake itafika. Fundi aliwasikia wote wawili, akawashukuru wote wawili, akarudi kuosha vyombo. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya, na hakuona sababu ya kuiharakisha damu irudi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, fundi wa injini za boti. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na karakana ya mabati, makoleo yasiyolingana na uziwi kidogo wa sikio la kushoto. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Hata mama yake mzazi, aliyekaa naye nyumba ya nyuma ya karakana, alimwita Fundi. Mdogo wake, waliyepishana kwa miaka minane, hakuwa na mkono wa spana hata chembe, baba alishamtania mpaka akachoka. Yeye alikuwa nahodha. Alikuwa na boti ya abiria kumi na wawili, akivusha watu kutoka gati la huku kwenda ng'ambo na kurudi, kutwa nzima, siku sita za wiki.

Siku aliyokufa alikuwa peke yake, anakwenda kuwachukua abiria wa kwanza. Injini ikazimika katikati ya mkondo, pale ambapo maji yanavuta kuelekea darajani. Waliokuwa wakipita juu ya daraja walimwona ameinama nyuma ya boti akivuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Akavuta tena, mpaka boti ilipojigonga ubavu kwenye nguzo naye akarushwa. Alipatikana kesho yake. Boti ilikuwa imepatikana siku ileile, imenasa kwenye matete, ubavu umebonyea, lakini injini nzima na tangi la mafuta lingali kwenye mkanda wake, lina mafuta zaidi ya nusu.

Hiyo nusu ndiyo iliyoleta maneno. Mafuta yapo, injini ipo, sasa boti ilizimikaje? Wenye midomo walisema alikuwa amelewa. Wengine wakasema alikuwa anachezea simu. Mkaguzi wa vyombo vya majini, bwana mmoja ambaye gati zima lilimwita Kalamu Tatu kwa sababu ya kalamu tatu za mfukoni ambazo moja tu ndiyo iliyoandika, hakusema lolote. Alisubiri siku ya kujaza karatasi yake. Jumanne asubuhi akaja karakana, viatu vimeng'aa, akasimama mlangoni asije akakanyaga grisi.

"Fundi, pole tena na msiba."

"Nimepoa."

"Ninafunga faili la marehemu. Kanuni iko hivi: injini ikiwa na hitilafu, naandika hitilafu. Injini ikiwa nzima, naandika uzembe wa nahodha."

"Ukiandika uzembe, inakuwaje?"

"Jina linabandikwa ubaoni pale gatini, na wengine. Mwaka mzima."

Ubao huo Fundi aliujua. Ulikuwa pembeni ya ngazi, na watoto wawili wa mdogo wake waliupita kila siku wakienda shule. Yule mkubwa alikuwa ameshajua kusoma.

"Mimi ni dada yake," alisema. "Huoni kama haifai mimi kupima?"

"Fundi mwingine mwenye geji yuko mbali, safari ya siku nzima. Wewe utapima, mimi nitasimama kichwani kwako. Sitapepesa jicho."

Mke wa marehemu alikuwa amekuja pia. Alikuwa mwanamke mrefu, mshona nguo, na kwa kuwa alikuwa wifi yake Fundi na Fundi wifi yake, waliitana hivyo hivyo miaka kumi na moja, wifi huku, wifi kule, utadhani wamekosa majina. Alisimama nyuma ya Kalamu Tatu, amejitanda, macho yamevimba.

"Mpime, wifi," alisema, kana kwamba anayepimwa ni mumewe mwenyewe. "Pima kila kitu. Mume wangu hakuwa mzembe."

Wakashuka gatini. Boti waliisukuma majini, wakaifunga kwa kamba nene mbili nyuma na mbili mbele, maana kipimo hiki hakipimwi injini ikiwa imestarehe. Lazima iwe kwenye gia, imesukumwa mpaka mwisho, inapigana na kamba kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Hapo ndipo inapokunywa mafuta kwa njaa yake yote.

Kipimo chenyewe si cha kumtisha mtu. Injini ya boti hunyonya mafuta kutoka tangini kama wewe unavyonyonya maji kwa mrija. Mrija ukiwa safi, hutumii nguvu. Ukibanwa mahali, mashavu yako yanaingia ndani. Geji inakuambia mashavu yameingia kiasi gani. Unaikata njia ya mafuta karibu na pampu, unachomeka geji, na mbele yake unaweka kipande cha mpira mwangavu ili uone mafuta yanavyopita. Sindano ikikaa chini ya nne, njia ni nyeupe. Ikivuka nne, kuna kitu kimebana. Ukiona mapovu kwenye ule mpira, basi kuna upenyo na hewa inaingia. Baba yake alimfundisha haya akiwa na miaka kumi na tatu, na tangu hapo mikono yake iliyajua kuliko kichwa.

Ndiyo maana siku hiyo aliiachia mikono ifanye. Alikaza klipu, akafuta kioo cha geji kwa kanga ya zamani, akaunganisha kwanza tangi la karakana. Akavuta kamba. Injini ikawaka kwa mvuto wa pili, na wifi yake akashtuka na kushika mdomo. Fundi akaitia gia, akasukuma mpaka mwisho. Maji yakachafuka nyuma. Kamba zikalia.

Dakika kumi na tano sindano ilikaa kwenye moja na nusu, haikutikisika.

"Injini ni nzima," Fundi alisema.

Kalamu Tatu aliandika. Wifi yake akasema, "Bado. Bado tangi lake."

Tangi la marehemu lilikuwa kwenye stoo ya karakana tangu siku ile, na karatasi ya ofisi imebandikwa mlangoni. Kalamu Tatu alilibeba mwenyewe, kwa heshima zote, akaliweka mahali pake kwenye boti na kukaza mkanda.

"Lipimwe kama lilivyokutwa. Usiguse kitu."

Fundi hakugusa kitu. Siku nyingine angelizunguka tangi kwanza kwa macho, kifuniko, shingo, mpira, kipira cha kukamulia mafuta yafike kwenye injini, kabla hata ya kushika spana. Siku hiyo macho yake yalipita juu ya kifuniko kama yalivyopita juu ya kila kitu tangu msiba, yakaenda zake. Akaunganisha mpira wa mdogo wake na geji. Akakamua kipira mpaka kikawa kigumu. Akawasha.

Dakika ya kwanza, moja na nusu. Ya tano, mbili na kidogo. Mafuta yalipita kwenye mpira mwangavu safi kabisa, bila povu hata moja, kwa hiyo hapakuwa na upenyo. Ya nane, tatu na nusu. Fundi alimwonyesha Kalamu Tatu kwa kidole, maana kwa kelele ile hata sikio zima lisingesikia. Dakika ya kumi sindano ikavuka nne, ikaenda tano bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Sita. Kipira cha mkono kikaanza kujikunja chenyewe. Ubavu wa tangi ukabonyea kwa ndani na kutoa sauti ndogo, ko. Dakika ya kumi na mbili injini ikakohoa, ikajikaza, ikakohoa tena, ikazimika.

Ukimya ulikuja ghafla. Boti ikarudi nyuma taratibu, kamba zikalegea.

"Kutoka hapa mpaka katikati ya mkondo," wifi yake alisema, "ni dakika ngapi?"

Wote watatu walijua ni ngapi.

Fundi aliinama kwenye tangi, na sasa akaona. Juu ya kifuniko cha tangi pana skrubu ndogo, kichwa chake kama kifungo cha shati. Kazi yake ni kuingiza hewa. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tangi linajikaba lenyewe. Unapolibeba tangi unaikaza ili yasimwagike, unapotaka kuwasha unailegeza. Wenye kazi hiyo wanaiita pumzi. Pumzi ya tangi la mdogo wake ilikuwa imekazwa, tena imekazwa barabara. Vidole havikuiweza. Alichukua koleo, akaizungusha nusu mzunguko, na hewa ikaingia kwa mluzi mrefu, fyuuu, na ubavu wa tangi ukarudi mahali pake. Akawasha tena. Sindano ikasimama kwenye moja na nusu, ikatulia tuli.

"Hiki kidude kinafunguliwa na nani?" Kalamu Tatu aliuliza injini ilipozimwa.

"Nahodha. Kila anapotaka kuwasha."

"Na kilifungwa na nani?"

"Mimi. Jioni ya kuamkia siku ile aliniachia tangi nilioshe. Nilipomaliza nikaifunga, akalichukua alfajiri barazani, mimi nikiwa bado nimelala. Lakini kufungua ni juu ya nahodha."

"Ndivyo kanuni inavyosema."

"Ndivyo."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Ni jambo la kusikitisha lakini lazima lisemwe: alitikisa kichwa, mbele ya mke wa marehemu, akakubali kwamba mdogo wake alijiua kwa kusahau skrubu. Wala hakuumia. Alifikiri tu, kumbe ni hiyo, na akaanza kufungua klipu za geji.

"Mume wangu hakuwahi kusahau kitu cha boti," wifi yake alisema.

"Kila mtu husahau, mama," Kalamu Tatu alimwambia kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Nakwenda kuandika. Njooni saa tisa ofisini mtie saini."

Akapanda ngazi, akichagua penye ukavu. Wifi yake alibaki ameliinamia tangi. Alikuwa anakitazama kifuniko kama anavyotazama pindo lililoshonwa na mtu mwingine.

"Wifi. Hii ndiyo ile mpya?"

"Mpya ipi?"

"Pumzi mpya. Ile isiyofunguliwa, inajipumulia yenyewe. Alikuwa nayo wiki nzima, ananionyesha kama mtoto na gari la kuchezea. Kwa macho zinafanana, alisema, ila hii huna haja ya kuikumbuka. Akasema anamwachia mama akupe, wewe utamfungia."

Fundi alisimama na klipu mkononi.

"Mama hakukupa?"

"Mama alinipa maneno," Fundi alisema. "Kifaa hakunipa."

"Maneno gani?"

Yalikuwa maneno machache. Jioni ile Fundi alikuwa ameinama kwenye injini ya mtu, mama yake akapita uani na ndoo, akasema bila kusimama, mdogo wako kasema umfungie pumzi. Fundi akaitikia, sawa mama. Wiki hiyohiyo abiria mmoja alikuwa amelalamikia harufu ya petroli, kwa hiyo hakuona ajabu. Akaenda kwenye tangi akaifunga pumzi. Kwa kuwa ni mdogo wake, na kwa kuwa alitaka kumfanyia vizuri, hakuridhika na vidole. Akachukua koleo.

"Umfungie pumzi," alisema.

Wifi yake alimtazama, midomo inayarudia maneno bila sauti. Kisha akakaa kwenye ngazi palipo na maji, nguo ikalowa, hakujali.

Lugha yetu ni tajiri, lakini hapa ilibana matumizi. Unafunga mlango ili mtu asiingie, na unafunga injini ili boti iende. Ukimwambia fundi akufungie taa, hataizima, ataiweka ukutani iwake. Maisha yake yote alikuwa amefungia watu vitu: pampu, mikanda, mapanga boi. Laiti angesimama hata kidogo akajiuliza ni kufunga kupi. Laiti kile kifaa kingekuwa mkononi mwa mama. Mdogo wake naye alilichukua tangi alfajiri, akaona kifuniko kimesafishwa, akajua kazi imefanyika. Mtu hakagui kazi ya dada yake. Akawasha, akaondoka, na hakukumbuka kufungua kitu ambacho hakikuwa na haja tena ya kufunguliwa.

"Ilipozimika," wifi yake aliuliza, "alifanya nini?"

"Angekamua kipira kwanza."

"Halafu?"

"Kisingejaa. Angevuta kamba."

"Asingeifikiria pumzi?"

"Asingeifikiria. Alijua nimeshamaliza hilo."

Wifi yake alikubali kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Fundi alisubiri kitu kimfike, kilio, kizunguzungu, hata hasira. Hakikufika. Aliona tu kwamba mikono yake ilikuwa imemaliza kukunja mpira mwangavu na kuuweka kwenye kasha, vizuri, kama inavyotakiwa.

"Nakwenda kwa mama mara moja," alisema.

Alimkuta mama yake chumbani, anakunja nguo zilizoanuliwa, miwani kichwani na huku anaitafuta kitandani.

"Miwani iko juu ya kichwa, mama."

"Najua. Nilikuwa naangalia kama ina jozi." Akaivaa. "Mbona umerudi mapema? Umekula?"

"Mama, mdogo wangu alikupa kitu chochote uniletee? Kitu kidogo. Siku ile uliyoniambia habari ya pumzi."

Mama akasimama na soksi moja mkononi. Kisha akajipiga paja.

"Astaghafiru! Kile kidude!" Akaenda kabatini, akashusha kikombe kisicho na mkono kilichojaa vifungo, funguo za makufuli yasiyokuwepo na sarafu zisizotumika tena, akachokoachokoa kwa kidole. "Nilikiweka humu nisikisahau. Halafu nikakisahau kikombe. Hiki hapa."

Kilikuwa kwenye mfuko wake wa plastiki, hakijafunguliwa. Cheusi, kichwa kama kifungo cha shati. Fundi alikipokea. Hakikuwa na uzito wowote.

"Nisamehe, mwanangu. Kifaa nilisahau, sikatai. Lakini ujumbe niliufikisha neno kwa neno, si ndiyo? Uzee umenichukulia magoti na macho, ulimi bado."

"Uliufikisha, mama."

"Na wewe ukamfungia."

"Nikamfungia."

"Basi." Mama akarudi kwenye nguo zake. Mara akatua tena. "Sasa kama ulimfungia, hiki ni cha nini?"

Alikuwa na miaka sabini na minne. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameingia kaburini kabla yake, na bado aliamka kila siku, akafua, akaanua, akakunja. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua tu. Fundi aliona jinsi ambavyo jibu la kweli lingeingia, na lingeingilia wapi, na kwamba lisingetoka tena.

"Cha akiba," alisema.

"Kiweke vizuri basi. Alikuwa anakipenda kweli, sijui kina nini."

Saa tisa walikuwa ofisini kwa Kalamu Tatu, chumba kimoja chenye feni inayozunguka bila kupuliza na mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Uzembe wa nahodha, kwa herufi kubwa. Fundi hakukaa. Alikitoa kile kifaa mfukoni, akakiweka juu ya karatasi, na akaeleza, kwa sauti ileile ambayo angeieleza hitilafu ya injini ya mtu baki. Marehemu aliagiza afungiwe pumzi hii. Mimi nikadhani anataka ile ya zamani ifungwe. Nikaifunga, nikaikaza kwa koleo. Yeye aliondoka akijua anayo mpya. Hakusahau kitu.

Kalamu Tatu alikitazama kifaa, akamtazama Fundi, akajaribu kalamu ya kwanza, ikagoma, akajaribu ya pili.

"Unajua unachosema? Nikibadilisha hapa, uzembe unahamia karakana. Leseni yako inasimamishwa na jina lako ndilo linalobandikwa."

"Libandikwe."

"Fundi, mimi si mtu mbaya. Ulishatia neno lako asubuhi. Nikiacha kama lilivyo, hakuna atakayekulaumu."

"Andika," Fundi alisema.

Kalamu ya tatu ikaandika. Aliandika kwa muda mrefu, ulimi umejitokeza pembeni ya mdomo. Alipofika katikati ya ukurasa akainua kichwa.

"Agizo lilikufikiaje? Alikuambia mwenyewe?"

Fundi alikitazama kile kifaa mezani.

"Nauliza kwa sababu kama lilipitia kwa mtu, mtu huyo itabidi aje hapa. Nitamsomea maelezo haya yote, aseme kama ndivyo alivyosema, atie saini."

Feni ilizunguka. Fundi alimwona mama yake kwenye kiti kile, miwani kichwani, anasomewa.

"Alinipigia simu," alisema.

"Simu."

"Ndiyo. Simu ilikuwa inakatikakatika. Ndiyo maana sikuelewa."

Kalamu Tatu alimgeukia mke wa marehemu. Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni tangu walipoingia, hajafungua mdomo.

"Na wewe, mama, unalijua hilo? Mumeo alimpigia simu dada yake?"

Fundi hakumtazama wifi yake, maana hakuwa na haki ya kumwomba kitu. Huyu ndiye aliyekuja asubuhi akasema pima kila kitu. Ndiye aliyeachwa na watoto wawili. Angeweza kusema ukweli wote hapo hapo, na nani angemlaumu?

"Alimpigia," wifi yake alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu naye."

Kalamu Tatu akaandika hilo pia. Wakatia saini, mmoja baada ya mwingine, na akawafungulia mlango mwenyewe.

Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa magari, wakati ule watu wanapotoka kazini. Walitembea sambamba mpaka kwenye kona. Hapo wifi yake akasimama.

"Nimesema vile kwa ajili ya mama."

"Najua."

"Yeye hatajua mpaka anakufa. Nitakuwa nakuja kumtazama kama kawaida, nitacheka naye, hatagundua." Sauti yake haikupanda. "Lakini kwa watoto sitasema uongo. Wakikua wakiniuliza baba yao alikufaje, nitawaambia ni shangazi yao."

"Waambie," Fundi alisema.

"Nitawaambia ulimpenda, pia. Lakini hilo litakuja la pili."

"Sawa, wifi."

Kifuani mwa Fundi hapakuwa na kitu, kama nyumba iliyohamwa. Akashuka barabarani, na lori likapiga honi ndefu, na wifi yake akamdaka mkono na kumrudisha. Akamtazama usoni, akaona kwamba hakuwa anatazama upande wowote. Akakishika kiganja chake, akakibana, wakasubiri magari yapungue, wakavuka pamoja. Walipofika upande wa pili akakiachia, akaenda kuwachukua watoto shuleni.